Kipanya kikifa, na wewe ufe?

Wiki iliyopita tuliwagusa wale wanaoazima nguo za kwendea harusini halafu wanarudisha zikiwa na doa la pilau, na simu nilizopigiwa zilinifanya nizime simu kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Walioguswa nawaomba radhi. Leo sigusi nguo ya mtu.

Leo nataka tuongee habari za kompyuta. Ebo! Usifunue ukurasa kwanza! Najua ukisikia kompyuta unadhani nataka kukumwagia lugha ya mainjinia hapa. Wala. Nataka kuongelea vidole vyako kumi ulivyozaliwa navyo, na jinsi vinavyoweza kukukosesha kazi wakati vyeti unavyo. Sisemi kwa kusikia. Mimi mwenyewe kazi ilinipita hivi hivi naiona.

Aliyenikumbusha donda hilo ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Ijumaa alinitumia meseji: "Bro, nimeitwa usaili Jumanne. Wa vitendo." Nikafurahi kaka mtu, nikamwambia aje nyumbani tujinoe. Akaja, nikampa laptopu yangu aandike barua ya mfano. Basi bwana, nikakaa pembeni nikamtazama.

Alitaka kuhamisha aya moja kutoka chini aipeleke juu. Akaacha kuandika. Akashika kipanya. Akaburuza, akazidisha, akarudia. Akapanda juu kutafuta kile kipicha cha mkasi, akakikosa, akakipata. Akashuka, akapoteza pale alipotaka kuiweka, akaanza kusoma upya barua nzima. Chai niliyokuwa nimeibandika jikoni ilichemka, ikamwagika, ikazima moto, na aya haijafika.

Nikasema moyoni, huyu Jumanne wanamla kichwa.

Ngoja nikueleze kwa nini nilisema hivyo. Mwaka 2013 niliitwa usaili wa vitendo kwenye ofisi moja hapa Dar, jina kapuni. Tulikuwa vijana wengi, suruali zimepigwa pasi mpaka zinakata. Tukaingizwa chumba cha kompyuta, tukapewa karatasi: chapa barua hii ya ukurasa mmoja, kichwa cha habari kikae katikati, kikolezwe na kupigiwa mstari, ihifadhi, iprinti. Dakika 20. Nikacheka kimoyomoyo. Barua tu?

Nikaanza kuchapa. Nilipomaliza nikanyoosha mkono kwenye kipanya ili nikapange kichwa cha habari. Nasukuma, mshale umesimama. Nasukuma tena, umesimama. Nikakigeuza chali, ile taa nyekundu ya tumboni imezima. Kipanya kimekufa! Nikakipiga kofi, nikakipuliza, nikachomoa waya nikachomeka tena. Lakini wapi! Kijasho chembamba kikaanza kunitoka. Nikanyoosha mkono. Mama msimamizi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, akaniambia bila kunyanyua kichwa: "Endelea na mtihani, kijana."

Endelea na nini, mama?

Sasa hebu sikiliza. Kushoto kwangu alikaa dada mmoja kavaa baibui. Tangu tuanze alikuwa amekisogeza kipanya chake kando, kama sahani uliyokwisha kulia. Vidole vinalia trrr, trrr, kimya, trrr. Sijui hata kama alikigusa mara moja. Dakika ya 12 nikasikia printa inakoroma, dada kasimama, kachukua karatasi yake, katoka zake. Mimi nikabaki nimetumbua macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kichwa changu cha habari nilikisukuma katikati kwa kubonyeza ile spesi mara thelathini. Kukikoleza sikuweza. Kuprinti ndiyo kabisa. Muda ukaisha. Yule mama akaja, akaangalia skrini yangu, akasema, "Haya, tutawasiliana."

Hadi leo hatujawasiliana.

Na kinachoniuma, mpenzi msomaji, ni kwamba yote niliyoshindwa yalihitaji vibonyezo visivyozidi kumi. Chukua kalamu. Ctrl na Home inakupeleka juu kabisa mwanzo wa barua. Shift na End inachagua mstari wote ule. Ctrl+E, kichwa kinaruka katikati. Ctrl+B, kinakolea. Ctrl+U, kinapigwa mstari chini. Ctrl+S, unaandika jina la faili, Enter, imehifadhiwa. Ctrl+P, kisha Enter, printa inakoroma. Umemaliza! Kipanya kife, kifufuke, kizikwe, wewe hakikuhusu. Hizo za kupanga maandishi ni za Word, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye ofisi nyingi. Na wale mnaotembea na kompyuta za Apple, mahali pa Ctrl wekeni Command, nyingi zitakubali. Tuendelee.

Nilipotoka nje nikamkuta yule dada getini anakunywa soda. Mimi nimekuwa mdogo kama piritoni. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka'angu pole, nilikuona. Kilikufa eeh?" Nikamwuliza yeye uchawi ule kajifunzia chuo gani. Akacheka. Akasema yeye anafanya kazi steshenari ya watu kule Mwenge, analipwa kwa ukurasa, na kipanya cha pale kilikufa mwaka juzi. Kila siku bosi anasema atanunua kesho. "Ningemngoja bosi, kaka, ningekufa njaa."

Sikia hiyo! Mimi nilikuwa na kompyuta nzima chuoni, kipanya kizima, meza nzima, na sikujua kitu. Mwenzangu kafundishwa na ubovu.

Jumamosi mbili zilizofuata nilikuwa Mwenge, nimebeba vyeti vya kufotokopi ambavyo nilikuwa nimeshafotokopi. Najua mnachofikiria. Haya, kidogo. Lakini dada wa watu alikuwa na mchumba na sasa ana watoto wawili, kwa hiyo mada hiyo tuifunge.

Alichonifunza kwanza wala si njia ya mkato. Alinishika kidole akakiweka kwenye herufi F, kingine kwenye J. "Umesikia kitu?" Kuna kijivimbe! Jaribu sasa hivi, nenda kaguse kibodi yoyote. Vidole vya shahada vinakaa hapo, na ukishavikuta hivyo vivimbe huhitaji kutazama chini tena. Mpangilio wenyewe wa herufi, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ni wa kale kweli kweli, umetokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Babu wa babu yako hajaoa.

Halafu akanifunza wale ndugu wanne. Tazama kona ya chini kushoto ya kibodi: Z, X, C, V. Wamepanga foleni kama watoto wa shule. Ukishika Ctrl na X, umekata kitu. Na C, umekikopi. Na V, umekibandika. Na Z, umerudisha ulichoharibu. Kidole kidogo kinashika Ctrl, vingine vinacheza, mkono wa kulia umepumzika unashika chai.

Mambo haya ya kukata na kubandika hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna bwana mmoja wa Kimarekani, Larry Tesler, mzaliwa wa New York mwaka 1945, ambaye miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Xerox kule California. Yeye na mwenzake Tim Mott ndio walioiunda programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, na humo ndimo mtindo huu wa kata, kopi, bandika ulipokomazwa. Zamani zile kompyuta ilikuwa na vigeugeu: kitufe kile kile sasa hivi kinaandika herufi, ukibadilisha hali ya mashine kinafuta mstari. Mtu anadhani anaandika jina lake kumbe anafuta ripoti. Tesler alichukia jambo hilo mpaka namba ya gari lake akaiandikisha maneno ya kulipinga. Baadaye akahamia Apple, ambako mtindo ule ukaingia kwenye kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya 1984, na kutoka hapo ukasambaa dunia nzima. Alifariki Februari 2020. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kubandika kazi ya mwenzake bila kubadilisha jina anamdai shukrani yule mzee, na mhadhiri wake anamdai malalamiko.

Sasa kati ya ndugu hao wanne, naomba nikae kidogo na Z, maana ndiye aliyeniokoa.

Usiku mmoja nilikuwa namalizia makala ya kona hii hii, saa sita imepita, mhariri ananipigia simu kila baada ya dakika kumi. Nikabonyeza Ctrl+A, ambayo inachagua kila kitu, kusudi nibadilishe ukubwa wa maandishi. Kabla sijabadilisha, kiwiko kikagusa kibodi. Herufi k. Makala nzima ikayeyuka, ukurasa mweupe pee, katikati imebaki k peke yake inanitazama. Duh! Nilihisi tumbo la kuendesha. Mkono ukaenda wenyewe kutaka kufunga faili niifungue upya. Bahati yangu sauti ya yule dada wa Mwenge ikanijia: "Ukiharibu, usifunge. Ukifunga umezika. Toa mikono, pumua, kontro zedi." Nikabonyeza. Makala ikarudi yote, mpaka ile koma niliyokuwa sina hakika nayo. Ukizidisha kurudi nyuma, Ctrl+Y inakusogeza mbele. Watu wangapi wamelala wanalia usiku wakati dawa iko chini ya kidole kidogo!

Ila Z hawezi kukusaidia umeme ukikatika. Hapo anakuja S. Yule dada alikuwa na mtindo wake: kila akiweka nukta, Ctrl+S. Nukta, Ctrl+S. Vidole vilikuwa vinafanya vyenyewe hata akiwa anapiga soga na mteja. Nilimcheka, hadi siku luku iliponiishia nikiwa ukurasa wa nne. Hayo tuyaache.

Kuna moja ambayo kwa kijana wa mjini anayetafuta kazi naiona ni ya maana kuliko zote, nayo ni Ctrl+F. Unajua zile orodha za walioitwa kwenye usaili? Faili lina kurasa mpaka unasikia kizunguzungu, majina mengi mno, Juma wako arobaini. Rafiki yake mdogo wangu, waliyeomba kazi pamoja, alipitisha macho kurasa zote kwenye kompyuta ya steshenari, akampigia mama yake kwamba jina halimo. Nyumbani kukawa msiba. Mdogo wangu (hiyo angalau anaijua, kaijulia kwenye simu) akamwambia hebu lete. Akafungua faili, Ctrl+F, akaandika jina la ukoo tu, Enter. Ya kwanza siyo, Enter, ya pili siyo, Enter, huyo hapo! Namba 600 na kitu. Kijana karuka juu kama kafunga goli.

Hapo pana siri mbili, zishike. Usiandike majina yote matatu, maana aliyechapa orodha anaweza kuwa ameacha nafasi mbili au kakosea herufi moja ya jina la kati, na kompyuta haina huruma, itakwambia haumo. Andika jina moja, tena lile lisilo la kawaida. Ya pili, kama orodha ni karatasi iliyopigwa picha tu, Ctrl+F mara nyingi haioni kitu humo hata ukilia. Hapo rudi kwenye macho, na umwite mwenzako mwenye macho mazuri.

Sasa tuingie kwenye mambo yetu yale. Najua mlikuwa mnayangoja.

Nina mshikaji wangu mmoja, nimemhifadhi kwa sababu ndoa bado ipo. Yeye WhatsApp yake ameifungua kwenye kompyuta ya ofisini. Mkewe alikwenda kumpelekea chakula cha mchana, akamkuta jamaa ametoka "mara moja." Akaketi kwenye kiti cha mumewe. Skrini iko wazi. Alichokisoma sikiandiki, gazeti hili linaingia nyumbani kwa watu. Sikwambii aliyekosa ni nani. Nakwambia tu kwamba kuna kitufe chenye alama ya dirisha, kiko jirani na Ctrl, na ukikishika pamoja na herufi L, kompyuta inajifunga hapo hapo na kudai nywila. Sekunde haifiki. Na hata wewe usiye na mambo, ofisini pana watu wa kutuma barua pepe ya matusi kwa bosi kwa kutumia jina lako, asubuhi unaitwa kujieleza. Ukinyanyuka, dirisha na L. Ukienda chooni, dirisha na L.

Kompyuta za kukodi pia, kwenye steshenari na intaneti kafe zilizobaki, ukitaka kufungua mambo yako ya siri, kama programu ni Chrome bonyeza Ctrl+Shift+N, linafunguka dirisha jeusi ambalo halitunzi historia ya ulikopita. Ukimaliza lifunge, yote. Usije ukajidanganya lakini kwamba umekuwa mzimu: mwenye mtandao na mwajiri wako bado wanaweza kuona ulikokwenda. Na faili ulilolipakua linabaki kwenye mashine ya watu, CV yako yenye namba ya simu inasomwa na kila ajaye. Lifute.

Alt+Tab nayo wengi mnaijua kwa ubaya. Hiyo ya kurukia kwenye ripoti pale bosi anapokaribia, wakati mlikuwa mnaangalia mechi. Dirisha na D inafanya kazi hiyo hiyo kwa fujo zaidi, inashusha kila kitu. Sitawafundisha uvivu, ila niseme bosi akifika mezani akakuta skrini tupu yenye picha ya maua, naye si mtoto. Kazi halali ya Alt+Tab ni kuhama kati ya faili mbili unapoandika, huku unasoma na kule unachapa, bila kupapasa. Aliyeizoea hawezi kuiacha tena.

Na ukifunga kwa bahati mbaya ukurasa wa intaneti uliokuwa na fomu ya maombi, usipige kelele. Ctrl+Shift+T, unarudi. Ulichokuwa umejaza ndani huenda kikawa kimepotea, lakini angalau mlango umeupata.

Kuna kasheshe nyingine ya kuchekesha. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inalia na kukuuliza jambo. Watu hutoka mbio wakidhani wamebonyeza bomu. Ni huduma kwa mtu ambaye hawezi kushika vitufe viwili kwa pamoja, labda mkono mmoja hauna nguvu. Anabonyeza kimoja kimoja na mashine inamngoja. Kama wewe huihitaji, jibu hapana. Kama unamjua anayeihitaji, mpelekee habari, maana wengi hawajaambiwa.

Ama ile ya vitufe vitatu, Ctrl, Alt na Delete, nayo ina mwenyewe. David Bradley, mhandisi wa IBM, aliitia kwenye kompyuta yao ya mwaka 1981 ili yeye na wenzake waweze kuiwasha upya haraka wakati wa matengenezo. Raia hawakukusudiwa. Microsoft wakaichukua wakaifanya mlango wa kuingilia Windows, na mwaka 2013 Bill Gates akiwa Harvard alikiri kwamba walitaka kitufe kimoja tu, aliyetengeneza kibodi ya IBM akawanyima. Bradley mwenyewe aliwahi kutania kuwa yeye kaivumbua lakini aliyeipa umaarufu ni Bill. Kwenye Windows za siku hizi inakufungulia orodha, na humo utakuta Task Manager wa kuifukuza programu iliyoganda. Jaribu hiyo kabla ya kuchomoa waya ukutani, tafadhali.

Turudi kwa mdogo wangu, siku zimekwisha.

Jumapili usiku nilichomoa kipanya nikakificha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria la pilau. Ile sehemu ya kupapasia kwenye laptopu nikaifunika kwa kipande cha boksi na selotepu. Kijana akanuna. Akaniambia, "Bro, sasa nitafunguaje hata Word?" Swali zuri! Bonyeza kitufe cha dirisha, andika "word" hapo hapo bila kutafuta pa kuandikia, Enter. Imefunguka. Akanyanyua macho. Nikamwonyesha kwamba ndani ya Word ukibonyeza Alt na kuachia, herufi ndogo ndogo zinajitokeza juu, kila herufi ni mlango, unabonyeza ile unayoitaka. Kwenye fomu, Tab inakusogeza kisanduku kinachofuata, Shift+Tab inakurudisha, spesi inaweka alama ya vema. Kubadilisha jina la faili, F2. Ile orodha inayotokea ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya, Shift+F10. Escape inakutoa karibu kila kisanduku ulichojiingiza kwa ujinga.

Nikampa barua ile ile, ndiyo, ile ya 2013, nimeikariri kama sala. Saa mezani. Mara ya kwanza dakika 31. Alikasirika, akasema hizi ni njia za panya. Nikamwambia hasa! Njia za panya, ila panya mwenyewe hayumo. Mama akaamka akaja kuuliza tunagombania nini usiku wa manane, akakuta mtoto wake wa mwisho anachapa barua ya kuomba viti vya ofisi na boksi kwenye kompyuta. Akarudi kulala bila kuuliza tena.

Mara ya pili dakika 24. Tukanywa chai. Nikamkataza kukariri orodha nzima kwa mkupuo, kama nilivyokatazwa mimi. Akamate zile saba za barua kwanza, vidole vizoee, nyingine zitafuata kila moja na siku yake. Mara ya tatu dakika 17 na kichwa cha habari kiko katikati, kimekolea, mstari upo. Nikaenda kulala. Alfajiri, adhana haijaisha, nikasikia sebuleni trrr, trrr, kimya, trrr. Nikamkumbuka yule dada wa Mwenge na kipanya chake cha marehemu. Ile kazi aliipata yeye, nilikuja kuambiwa baadaye.

Naandika haya Jumatatu usiku. Kijana amepiga pasi suruali mpaka inakata, vyeti viko kwenye bahasha, viatu viko mlangoni vimeelekea nje. Boksi liko pale pale juu ya laptopu, hataki nilitoe. Hivi punde amekuja chumbani kwangu, kasimama mlangoni anajikuna kichwa.

"Bro, kile kipanya kiko wapi?"

Nikamwuliza cha nini tena, si tumekubaliana?

"Nikiweke mfukoni tu, bro. Wewe hukusema chao kilikufa?"

Nimemwambia kiko nyuma ya sufuria la pilau. Tukutane wiki ijayo.